Unga wa Matanga na Mgomba wa Kawanda

Septemba 2017 watu wa kwetu Kasese, magharibi mwa Uganda, walikwenda kuzika. Wakaandaliwa bundu kama ilivyo desturi, wakala, wakarudi makwao. Haikuchukua muda matumbo yakaanza kuwakata, wakatapika, wakaharisha. Mama alinipigia simu Kampala usiku akasema, "Mwanangu, huku watu wamelishwa sumu."

Sumu kweli ilikuwepo, ila hakuna aliyeitia. Mpaka mlipuko ule unakwisha, waliougua walihesabiwa 98 na wawili walikufa. Unga ulifuatiliwa ukafika kwa muuzaji mmoja wa jumla, na ulipopimwa ulikutwa na sianidi, wastani wa miligramu 88 kwa kilo, wakati kiwango kinachokubalika ni 10. Ulikuwa unga wa muhogo mchungu, wa aina ya porini. Kwa msiojua, bundu ni ugali wa muhogo, na Mkonzo, mwenyeji wa Kasese, asipokuwa na bundu mezani ni kama hajala.

Mimi ni mwalimu wa bayolojia. Nilizaliwa Kilembe, katika nyumba za kampuni ya mgodi, ambako Kiswahili ndicho kilichowaunganisha baba zetu waliotoka kila pembe. Nimefundisha somo la jeni kwa miaka mingi, na kila mwaka mwanafunzi mmoja ananyoosha mkono kuuliza kama GMO, yaani mazao na viumbe vilivyobadilishwa jeni, ni salama. Zamani nilikuwa na jibu la dakika tano. Tangu matanga yale sina tena jibu la dakika tano, kwa sababu najikuta nikiwarudisha kwanza kwenye ule unga. Haukutoka maabara. Hakuna aliyeuombea kibali wala aliyeujazia fomu. Ulikuwa wa asili kabisa.

Sisemi hivyo ili kuwatetea wenye maabara. Ninachosema ni kwamba swali la wanafunzi wangu halina jibu, kama vile kuuliza kama uyoga unalika. Uyoga gani?

Krismasi moja nikiwa nyumbani, mzee jirani yetu, mchimbaji wa zamani, alinijia na kiti chake. "Mwalimu, ni kweli mtu akila hizi GMO hazai?" Nikamwambia hakuna ushahidi wa jambo hilo. Akatikisa kichwa, akanyamaza kidogo, kisha akauliza la pili ambalo ndilo lililokuwa limemleta: "Nani anazionja kabla yetu?"

Kanuni ambazo nchi nyingi zinafuata, zile za Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, za mwaka 2003, zinaanza na jambo ambalo bibi yeyote angelielewa: mtoto alinganishwe na mzazi wake. Unachukua zao lililobadilishwa na lile lililotokana nalo, unayapanda pamoja, udongo ule ule, sehemu kadhaa tofauti, kisha unapima wanga, protini, vitamini, na hasa zile sumu ambazo zao lenyewe linajulikana kuwa nazo. Pale kituo cha utafiti cha Namulonge wataalamu wetu wamefanya majaribio ya muhogo uliobadilishwa ustahimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Nikiletewa muhogo ule leo, nitauliza sianidi kwanza. Habari ya jeni itafuata.

Na mazao ya kawaida je? Hayo hayapitii mlango huo. Mwaka 1967 Marekani walitoa kiazi kinachoitwa Lenape, kilichopatikana kwa kuchavusha tu, ua kwa ua, kama wakulima walivyofanya tangu zamani. Kilikaangika vizuri sana. Baadaye ikaonekana kina solanini kupita kiasi, ile sumu ya viazi vilivyogeuka kijani, na mwaka 1970 kikaondolewa. Mzee wangu alipenda kisa hicho. "Kumbe hata wao," akasema.

Lakini ulinganisho una kasoro moja ninayowaeleza wanafunzi bila kuficha: unaona kile tu ulichokwenda kukipima. Kwa hiyo ile protini mpya, ambayo mzazi hakuwa nayo, inahitaji kesi yake peke yake. Miaka ya 1990 kampuni moja ya mbegu ya Marekani ilitia jeni ya njugu za Brazili kwenye soya ili kuiongezea lishe ya mifugo. Walipoipima kwa damu ya watu wenye mzio wa njugu hizo, ikagundulika wameuhamisha mzio wenyewe. Mradi ukafungwa, matokeo yakachapishwa 1996. Hapo kipimo kilifanya kazi yake.

Kisa cha Australia ndicho kinachoniumiza kichwa zaidi. Huko walichukua jeni ya haragwe, wakaitia kwenye njegere ili zisiliwe na wadudu wa ghalani. Haragwe tunalila sote, tena kila siku, nani angeogopa? Lakini protini ile ile ilipotengenezwa ndani ya njegere ilitoka ikiwa na tofauti ndogo, na panya walioilishwa mapafu yao yakavimba. Mwaka 2005 kazi ya miaka kumi ikawekwa kando. Miaka kadhaa baadaye watafiti wengine walirudia majaribio wakaona panya walipata shida hiyo hiyo hata kwa maharage ya kawaida, kwa hiyo huenda njegere zilionewa. Mimi nafundisha sehemu zote mbili. Wanafunzi huchukia, wanataka mshindi.

Ninazitaja njegere kwa sababu hapa kwetu tuna kesi inayofanana nazo sana, nayo ni mgomba na pilipili hoho.

Mwaka 2001 uliingia Uganda ugonjwa wa mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria, ule ambao Waganda wanauita kiwotoka. Aliyeuona hausahau. Mkungu unaiva kabla ya wakati, ukikata ndizi ndani ina rangi ya kutu, ukikata shina linatoa ute wa njano kama usaha. Hakuna dawa ya kunyunyizia. Unang'oa. Unachoma panga motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine, au unalichovya kwenye jiki. Lile ua la dume linaloning'inia chini ya mkungu unalikwanyua kwa kijiti chenye panda, usiliguse kwa chuma, kwa sababu wadudu wanaofuata utomvu wake ndio wanaobeba ugonjwa kutoka shamba hadi shamba. Kwa nchi inayokula matoke asubuhi, mchana na jioni, huu si ugonjwa wa kupuuza.

Hata hivyo matoke hayana mbegu. Kuyazalisha kwa kuchavusha ni kazi ya miongo, na hakuna aina ya matoke iliyojulikana kuwa na kinga kamili ambayo mzalishaji wa mimea angeazima kinga hiyo. Ndipo watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, akiwemo Leena Tripathi, pamoja na NARO, shirika letu la taifa la utafiti wa kilimo, wakachukua jeni mbili za hoho zinazofanya seli iliyovamiwa ijiue haraka na kumfungia bakteria ndani. Mwaka 2010 wakapanda jaribio kwenye kituo cha utafiti cha Kawanda, kwenye ile barabara ya Bombo. Mistari 65, kila mmoja ukoo wake wa mgomba uliobadilishwa, ilipandwa, ikaambukizwa kwa makusudi, na 11 kati yake haikuugua kabisa, mgomba mama na chipukizi lake pia. Waliyachapisha hayo mwaka 2014.

Sasa tathmini. Hoho tunaila mbichi kwenye kachumbari, hiyo ni hatua nzuri ya kuanzia, ingawa njegere zimetufundisha kwamba kuliwa zamani hakutoshi. Kwa hiyo mnyororo wa protini unalinganishwa na orodha ya protini zinazojulikana kuleta mzio. Kanuni inasema kipande cha asidi amino 80 kikifanana kwa zaidi ya asilimia 35, simama, chunguza zaidi. Halafu protini inatiwa kwenye maji yanayoiga asidi na vimeng'enya vya tumbo, ili ionekane kama inasagika upesi, maana zile zinazodumu tumboni ndizo za kushukiwa. Na inapimwa kama ilivyotoka kwenye ndizi yenyewe, si ile ya kwenye kitabu cha hoho.

Upande wa mazingira, mgomba ni mteja rahisi. Kwenye mahindi ungehangaika na upepo unaobeba chavua kwenda kwa jirani. Matoke ni tasa, chavua yake haizai. Kwenye karatasi ukurasa huo unafungwa kwa sentensi moja: uwezekano wa jeni kuhama ni mdogo mno.

Hapo ndipo ninaposema mwandishi wa sentensi ile hajawahi kuishi kijijini. Chavua ya mgomba ni mtu mwenye panga na gunia. Migomba yote ya nchi hii imetembea hivyo: shangazi ameona mkungu mzuri kwa wifi yake, ameomba chipukizi, amelibeba kwenye bodaboda, mwaka unaofuata jirani ameomba kwake. Kiwotoka nacho kilisafiri hivyo hivyo. Na tangaza tu kwamba nyuma ya ua fulani kuna migomba isiyougua, uone kama ua ule utatosha. Ndiyo maana jaribio lina mlinzi, kufuli na daftari la kuingia na kutoka, na mikungu ikikomaa inaharibiwa hapo hapo. Wengine hudhani ulinzi ule unaficha sumu. Mimi naona unatulinda sisi na mikono yetu wenyewe.

Pamba nitaipitia haraka, ingawa ilipandwa karibu na kwetu. Mwaka 2009 pamba ya Bt, iliyopewa jeni ya bakteria wa udongoni, ilijaribiwa Serere na hapa Kasese, Mubuku. Protini yake inaua viwavi kwa sababu utumbo wao una alikali na una sehemu ambapo protini hiyo hunata. Tumbo letu halina. Kwa afya ya binadamu sijaona la kunitisha. Nilijifunza zaidi Burkina Faso. Huko waliipanda kwa wingi kuanzia 2008, viwavi wakapungua kweli, lakini nyuzi zikatoka fupi, bei sokoni ikaanguka, na mwaka 2016 wakaiacha. Hakuna aliyeumwa tumbo, na bado wenye pamba walipata hasara. India nako funza wa waridi walishaizoea ile Bt ya kwanza kufikia 2010. Fomu za usalama zina kurasa nyingi za tumbo na chache mno za mfuko wa mkulima, na kwa maoni yangu hilo ndilo pengo lake kubwa.

Mazao basi. Vijidudu ni habari nyingine, na kwa Kasese ni habari ya nyumbani.

Mgodi wa Kilembe ulipokufa miaka ya 1980 uliacha rundo la pairaiti, madini ya chuma na salfa, zaidi ya tani milioni moja, limekaa wazi Kasese mjini. Mvua ikinyesha, maji yanayotoka humo ni asidi. Yalitiririka kuelekea mbugani na Ziwa George, na yalipopita nyasi zikafa, ukabaki mstari mtupu ambao tukiwa watoto tuliuona kama barabara isiyo na magari. Kazi hiyo ya kugeuza pairaiti kuwa asidi inafanywa kwa sehemu kubwa na bakteria wa asili, wanaokula chuma na salfa. Mwaka 1999 kikafunguliwa kiwanda cha kobalti, na mtaji wake ulikuwa bakteria wa aina hiyo hiyo. Waliwekwa kwenye matangi makubwa, wakapulizwa hewa, wakatunzwa kwa joto, na kadiri walivyoila pairaiti ndivyo kobalti ilivyoachiliwa. Nilikuwa kijana wakati huo, na sikumbuki hata mtu mmoja mtaani aliyewaogopa. Wengi hawakujua kama wapo.

Hawakubadilishwa jeni wale. Lakini kila nikifundisha tathmini ya vijidudu naanzia kwenye matangi yale, maana kiumbe mmoja alikuwa mwajiriwa ndani ya tangi na mharibifu nje yake, na tofauti ilikuwa mahali alipo. Maswali ya mtathmini yanatoka humo moja kwa moja. Tangi likipasuka anakwenda wapi? Huko aendako ataishi? Akiishi atamla nani, na atamgawia nani jeni zake? Muhogo hauhami usiku. Bakteria anahama, anazaa kila baada ya saa chache au hata dakika, na anabadilishana jeni na asiye ndugu yake kama majirani wanavyoazimana chumvi. Ukimkosea huwezi kwenda kumng'oa.

Wale wanaobaki ndani wametuzoea na sisi tumewazoea. Insulini ambayo wagonjwa wa kisukari hapa Uganda wanajidunga, nyingi inatengenezwa na bakteria au hamira waliopewa jeni ya binadamu. Ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 1982. Bakteria wa maabara aliyetumika sana, E. koli aina ya K-12, amelelewa kwa kudekezwa kiasi kwamba hata utumbo wa mtu humshinda kuishi. Huo nao ni usalama, wa kuchagua mtumishi dhaifu.

Kuwatoa nje ndiko kugumu. Mwaka 1987, California, ilinyunyiziwa shambani kwa mara ya kwanza bakteria iliyoondolewa jeni moja ili isisababishe barafu kwenye majani. Wanyunyizaji walivaa mavazi ya kujikinga mwili mzima huku wapiga picha wakisimama pembeni na mashati yao ya kawaida. Picha zile ziliwatisha watu kuliko bakteria mwenyewe. Mtathmini akivaa kama mwanaanga huku mwandishi wa habari hajavaa kinga yoyote, mmoja wao anadanganywa.

Kuna kisa kingine ambacho mtandaoni bado kinazunguka, cha Klebsiela. Bakteria huyo wa udongoni alipewa jeni za kugeuza mabaki ya mimea kuwa pombe. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1999 ngano iliyopandwa kwenye udongo wa aina fulani wenye bakteria huyo ilikufa. Hilo ni la kweli na ni zito. Kisha simulizi ikavimba, ikafika mbele ya Tume ya Kifalme ya New Zealand mwaka 2001 ikidai kwamba angeachiliwa angemaliza mimea yote duniani, na wanasayansi wengine wakaonyesha kwamba vikombe vile vya udongo haviwezi kubeba dai kubwa hivyo. Wanafunzi wangu wananiletea simulizi hii kwenye simu, imepambwa. Huwa nawauliza: udongo gani, bakteria wangapi kwa gramu, waliishi siku ngapi? Wakianza kukuna vichwa najua somo limeingia.

Ninayauliza hayo kwa sababu zamu yetu itafika. Makerere wametengeneza rhaizobia wa kupaka mbegu za soya kwa muda sasa, bakteria wa asili wanaoleta naitrojeni. Siku mtu atakapoleta waliobadilishwa ili wafanye hivyo kwenye mahindi, tutahitaji mtu wa kuyauliza, na awe na mamlaka ya kukataa.

Mamlaka hayo yako wapi? Uganda iliridhia Itifaki ya Cartagena, mkataba wa kimataifa wa usalama wa viumbe vilivyobadilishwa jeni, mwaka 2001. Tuna sera tangu 2008. Tuna kamati ya taifa ya usalama wa kibayolojia chini ya Baraza la Sayansi na Teknolojia, na ndiyo inayotoa vibali vya majaribio. Sheria ndiyo hatuna. Bunge liliupitisha muswada Oktoba 2017, Rais akaurudisha akihoji haki za wenye hataza, yaani wamiliki wa uvumbuzi, dhidi ya jamii zilizozitunza mbegu za asili, na akataka mbegu hizi zisichanganywe ovyo na za kienyeji. Novemba 2018 ukapita tena, safari hii na kifungu kinachomtwika mwenye mbegu dhima ya madhara hata kama hakufanya uzembe. Wanasayansi wakalalamika kwamba hakuna atakayethubutu. Mwaka 2019 ukarudishwa tena.

Nimekaa pande zote mbili za ubishi huo na sijapata raha. Hoja ya Rais kuhusu mbegu za kienyeji naiona ina uzito. Mama yangu ana aina za ndizi ambazo sijui jina lake kwa Kiswahili. Na dhima kali kupita kiasi kweli inaweza kuua utafiti. Lakini bila sheria, jeni ikivuka ua leo, mkulima aliyeathirika atamshtaki nani, kwa kifungu kipi? Wanaoshangilia kwamba muswada ulikwama wanadhani wamefunga mlango. Kenya iliondoa marufuku yake ya GMO Oktoba 2022, ingawa mahakama ziliendelea kuvutana, na anayejua mpaka wetu na Kenya pale Busia anajua kwamba gunia la mahindi haliulizwi jeni zake.

Likizo iliyopita nilikuta kiwotoka kimefika kwa mama. Mashina matatu, upande wa mtaro. Tulichoma panga kwenye moto wa jikoni, tukang'oa, tukayaacha yaoze mahali pake, kisha nikazunguka na kijiti cha panda nikikwanyua maua ya migomba iliyobaki huku yeye akinisimamia kama nyapara. Nikamweleza habari ya Kawanda, ya hoho, ya ile mistari 11.

"Na utamu wake?"

Nikamwambia wanaoruhusiwa kuonja ni wachache kama wapo, mikungu inaharibiwa.

Akaendelea kusafisha panga kwa jani kavu. Halafu akasema, "Wewe si unafahamiana na watu wa huko. Niletee chipukizi moja, nilipande hapa kwenye mtaro, tuone."

Nikaanza kumweleza kuhusu kibali, kamati na ua. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu anayowapa wageni.

"Hata moja?"